Uvimbe Uliopigwa Pasi

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Kiberiti alikabidhiwa kopo la vifungo na rundo la mashati. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na ukimgusa tu amewaka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na tayari alikuwa amegombana na walimu wawili, muuza maji mmoja na mbuzi wa jirani. Mbuzi ndiye aliyekimbia kwanza.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana ya ushonaji. Baba yake, fundi cherehani, alikaa karibu na mlango. Mama alikata vitambaa kwenye meza ndefu. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alisimama kwenye kona na pasi yake ya mkaa, akinyoosha kila kilichotoka cherehani. Chini ya meza alicheza Kifungo, mdogo wake Kiberiti mwenye miaka mitatu. Naye jina lake lilikuwa na sababu: aliwahi kumeza kifungo cha koti, akakirudisha kesho yake bila kuombwa.

Kazi ya Kiberiti ilikuwa kushona vifungo, kisha kupapasa kila upindo na kuchomoa pini zilizosahauliwa. Kazi hiyo haikutaka mzaha. Mwaka uliopita karani mmoja alichukua suruali yake ikiwa imenyooka, inapendeza, haina kasoro. Akaivaa miezi miwili mizima kwa raha zake. Siku moja akaketi vibaya mbele ya bosi wake, na pini iliyokuwa imejificha kiunoni ikaamua kujitambulisha. Yule karani alipiga kelele ambayo ofisi nzima iliikumbuka kwa muda mrefu kuliko hotuba ya bosi.

Sasa ulikuwa msimu wa sare za shule. Mashati meupe yalijaa chumba kizima, na nje barabara ilikuwa ya vumbi. Kila mwaka msimu huo ukifika, baba alichukua nyundo na kulipigilia misumari dirisha pekee la chumba kile, vumbi lisiingie. Mlango nao ulishushiwa pazia zito. Watu watano walikaa humo na joto, moshi wa mkaa, na kikohozi cha baba mkubwa.

"Baba mkubwa, hicho kikohozi si kina miezi sasa?" aliuliza Kiberiti.

"Ni moshi wa pasi, mwanangu. Shona vifungo."

"Na huo mkanda umeutoboa matundu mangapi mapya? Suruali inakukimbia."

"Ninapunguza mwili, nipendeze kama wewe," alijibu, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomfanya ashike meza.

Kumbe alikuwa akitema damu kwenye leso na kuificha leso chini ya mfuko wa mkaa. Mama aliigundua siku alipokwenda kuchota mkaa wa kupikia. Hakupiga kelele. Alimshika shemeji yake mkono, akampeleka zahanati kama anavyopelekwa mtoto aliyekataa kuoga. Makohozi yakapimwa. Jibu likatoka: kifua kikuu.

Siku hiyo Kiberiti aliwaka kisawasawa.

"Ulijua!" alimfokea baba mkubwa. Mama alimkonyeza anyamaze, hakunyamaza. "Ulikuwa unaona damu, ukatuambia moshi! Na Kifungo alikuwa hapo, chini ya meza, chini ya pua yako!"

"Kiberiti! Unaongea na nani hivyo?" baba aligutuka.

"Mwache," alisema baba mkubwa, macho yake kwenye sakafu. "Niliogopa wateja watakimbia. Niliogopa mtanitenga."

"Basi mimi ndiye ninayekutenga!" Akabeba kopo lake la vifungo, akatoka nje. Kuanzia hapo hakumwamkia baba mkubwa, wala hakumpelekea chai. Mzee wa watu alikaa peke yake barazani, amevaa barakoa, akimeza vidonge vyake kila asubuhi na kutazama barabara.

Jumatatu familia nzima iliitwa zahanati. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye sauti ya kuamuru hata anapotania. Aliwauliza mmoja mmoja: Unakohoa? Unatoka jasho usiku? Una homa? Umekonda? Wote walijibu hapana.

"Basi tunapimwa nini?" aliuliza Kiberiti. "Sisi si wagonjwa."

"Huyu ndiye mnayemwita nani?"

"Kiberiti," alijibu baba kwa aibu.

"Nimeona. Leta mkono, Kiberiti."

Alimchoma sindano ndogo sana sehemu ya ndani ya mkono wa kushoto, juu juu chini ya ngozi, pakatokea kilengelenge kidogo kilichopotea muda mfupi baadaye. "Sikilizeni," alisema muuguzi. "Wadudu wa kifua kikuu wakiingia mwilini, mara nyingi hulala tu. Huumwi, huambukizi mtu, lakini wamo. Hii sindano inauuliza mwili: umewahi kukutana nao? Mwili ukiwafahamu, hapa patavimba. Mrudi Jumatano nipime. Msikune, msipake kitu, msifunge. Tumeelewana?"

Walielewana. Lakini kuelewana ni Jumatatu, na uvimbe huota Jumanne.

Jumanne shuleni Kiberiti alikuwa na jambo kubwa zaidi ya zahanati. Alikuwa mkimbiaji wa mwisho katika mbio za kupokezana vijiti, na mashindano na shule nyingine yalikuwa yamebaki wiki mbili. Nafasi ile aliipigania mwaka mzima. Alikuwa amewashinda hata wavulana wa darasa la juu. Saa nne, akiwa amekunja mikono ya shati anawe, mvulana mmoja wa darasani kwao akauona mkono. Mvulana huyo aliitwa Redio, na huhitaji kuambiwa kwa nini.

"Eh! Uvimbe gani huo?"

"Haukuhusu."

"Mama yangu alisema baba yenu mkubwa ana kifua kikuu. Kumbe na wewe!" Redio akafungulia sauti yote. "Jamani, msimkaribie Kiberiti! Anaambukiza! Msimpe kijiti!"

Mpaka kengele ya mchana inalia, dawati lake lilikuwa limebaki kama kisiwa. Rafiki yake wa kukaa naye alihamia kwingine, akajisingizia kwamba pale kuna jua. Kiberiti alilirusha begi la Redio dirishani, na Redio mwenyewe angelifuata kama asingeingia mwalimu wa michezo, aliyeitwa Filimbi.

Filimbi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwoga wa maneno ya wazazi. Alimwita pembeni. "Kiberiti, leo usifanye mazoezi. Niletee kwanza karatasi ya zahanati inayosema huna kitu. La sivyo, nitampa mwingine kijiti."

"Mwalimu, mimi siumwi!"

"Leta karatasi."

Alitembea kwenda nyumbani ameuma meno mpaka taya likamuuma. Alikuwa na hasira na Redio, na Filimbi, na muuguzi na sindano yake, lakini zaidi ya wote na yule aliyekaa barazani na barakoa, aliyeinua mkono kumsalimia na kuubakiza hewani.

Ndani hapakuwa na mtu. Baba na mama walikuwa nyuma ya nyumba wakiloweka vitambaa, Kifungo akiwasaidia kwa kujilowesha yeye. Kiberiti alikunja mkono wa shati. Uvimbe ulikuwa umepanda, mwekundu, mgumu, kama shati lililoshonwa likajikunja mshono. Na mtoto wa fundi akiona mahali palipovimba kwenye nguo anajua dawa yake: kitambaa kibichi juu, pasi ya moto, bonyeza, mshono unalala.

Alilowesha kitambaa. Akaitwaa pasi, ambayo mama alikuwa ameiacha na mkaa ndani. Akabonyeza.

Mayowe yake yalimfanya hata mbuzi wa jirani akimbie tena.

Jumatano, muuguzi aliushika ule mkono, akauangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Mahali pa uvimbe palikuwa na lengelenge la moto la ukubwa wa kifungo cha koti.

"Hii ni nini?"

"Nimeungua," alisema Kiberiti.

"Umeunguaje mahali pale pale, kwa umbo la ncha ya pasi?"

Baba alianza kukohoa, si kwa ugonjwa, kwa aibu. Mama akamtazama mwanawe kwa macho yale ambayo hayahitaji mdomo.

"Nilitaka ulale," alisema Kiberiti mwishowe, na sauti ikampanda. "Nilitaka ulale ili uandike sina kitu! Redio ananitangaza darasani, wananikimbia! Wanataka kunipokonya kijiti! Na mimi sikufanya kosa lolote! Yeye ndiye aliyeficha ugonjwa, yeye ndiye aliyetudanganya, halafu mimi ndiye ninayechomwa sindano!"

Muuguzi alimwacha amalize. Kisha naye akapandisha sauti, na sauti yake ilipopanda hata foleni ya nje ilinyamaza.

"Baba yako mkubwa alificha damu kwenye mkaa kwa sababu aliogopa watu. Sasa wewe umefanya nini na mkaa?"

Kiberiti alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ilikuwa mara ya kwanza, na baba yake alimtazama kwa wasiwasi kama mtu aliyeona cherehani yake imesimama katikati ya mshono.

"Nijibu."

"Nimeficha," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeficha kama yeye."

"Tena yeye hakujichoma." Muuguzi alipaka dawa kwenye lengelenge, mikono yake ikiwa laini kuliko maneno yake. "Mkono huu siwezi kuusoma. Leta wa kulia, tuanze upya. Ijumaa ukiniletea mkono uliopigwa pasi, nitakupeleka kwa dobi, si kwa daktari."

Ijumaa Kiberiti alileta mkono ukiwa salama, ingawa Redio alikuwa ametangaza siku mbili mfululizo na yeye alikuwa amekalia ngumi zake. Muuguzi hakuujali wekundu. Alipapasa kwa ncha ya kidole, akatafuta ukingo wa sehemu ngumu peke yake, akatia alama ya kalamu upande huu na upande ule, akaweka rula ndogo inayopenyeza mwanga.

"Anatia alama kama sisi kwenye kitambaa," baba alinong'ona, akisahau wasiwasi.

"Milimita kumi na nne," alisema muuguzi. "Kipimo kimeitika. Umekutana nao."

Kiberiti alishusha mkono wa shati haraka. "Basi ninaumwa."

"Sijasema hivyo. Hiki kipimo kinasema wamo, hakisemi wanafanya nini. Twende tukapige picha ya kifua."

Picha ilipigwa katika hospitali kubwa ya mjini. Ilitoka safi. Daktari akasikiliza mgongo, akauliza maswali yale yale ya jasho na homa, akatikisa kichwa kuridhika. Waliporudi zahanati, muuguzi aliiinua picha dhidi ya mwanga wa dirisha, na Kiberiti akaona mbavu zake mwenyewe zimepangwa vizuri.

"Safi kabisa," muuguzi alisema. "Huna ugonjwa wa kifua kikuu. Una wadudu waliolala. Huwezi kumwambukiza mtu, hata ukimkoholea Redio puani, ingawa sikushauri. Lakini wanaweza kuamka. Mwezi ujao, mwaka ujao, au ukiwa mzima una watoto wako. Au wasiamke kabisa. Hakuna anayejua."

Kiberiti aliiangalia ile picha safi kwa muda. Ilikuwa kama suruali iliyonyooka, inapendeza, haina kasoro.

"Ni pini," alisema.

"Pini gani?"

"Pini iliyosahauliwa kwenye upindo. Nguo nzuri, unavaa, unatembea, hakuna anayeiona. Halafu siku moja unaketi." Alimwangalia baba yake. "Na pini haichomolewi baada ya kuchoma. Inachomolewa kabla."

Muuguzi aliketi. "Miaka ishirini nawaeleza watu hili jambo," alisema, "na sijawahi kulieleza vizuri hivyo. Sasa pini yako inachomolewa kwa vidonge. Miezi mitatu, kila siku, bila kuruka. Mkojo utakuwa na rangi ya chungwa, usipige mayowe, ni rangi ya dawa. Ila ukitapika, macho yakiwa ya njano, au tumbo likiuma, njoo kwangu siku hiyo hiyo. Usiache dawa kimyakimya. Umesikia? Kimyakimya imetosha katika nyumba yenu."

Mama kipimo chake hakikuitika. Cha baba kiliitika, na picha yake ikawa safi, akapewa dawa kama binti yake. Kifungo naye, akiwa mdogo chini ya miaka mitano na amekaa miezi yote ile na mgonjwa, alipigwa picha, ikawa safi, akaandikiwa dawa ya kuyeyusha kwenye maji, kwa sababu watoto wa umri ule pini zao huamka haraka.

Mwisho muuguzi alichukua karatasi. Aliandika akikandamiza kalamu kama anayemkanyaga mtu. *Mtoto huyu hana ugonjwa wa kuambukiza. Anatumia dawa ya kuzuia. Akimbie. Mwenye swali aje aniulize mimi, asimuulize yeye.* Akapiga muhuri, meza ikaruka.

Kiberiti alifika nyumbani na karatasi mkononi. Hasira yake ilikuwa haijaisha, ila sasa ilikuwa imepata kazi. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye sanduku la vifaa, akatwaa koleo, akapanda kwenye meza na kuanza kung'oa misumari ya dirisha.

"Wewe! Mashati meupe!" baba alipiga kelele.

"Yafunikwe!" Msumari wa kwanza ukaruka. "Tulifunga dirisha shati lisipate vumbi," wa pili, "na sisi tukavuta pumzi ya mgonjwa wiki baada ya wiki!" Wa tatu uligoma. Kiberiti akauvuta, akauvuta, machozi yakimtoka, ya hasira au ya nini hata yeye hakujua. Ndipo mkono mwingine, mkavu, ukashika koleo juu ya mkono wake. Baba mkubwa alikuwa ameingia na barakoa yake. Wakavuta pamoja. Msumari ukatoka na kipande cha ubao.

Hewa iliingia. Pazia likapepea. Vumbi kidogo nalo liliingia, na mama akatandaza shuka kubwa kuukuu juu ya mashati.

Kiberiti alishuka mezani. Hakumwangalia baba mkubwa usoni. "Shikamoo," alisema kwa ukali.

"Marahaba, mwanangu."

"Bado nina hasira na wewe."

"Ni haki yako."

"Ila na mimi nilificha. Kwa hiyo nina hasira na wawili."

Jumatatu Filimbi aliisoma karatasi mara mbili, akakuna kichwa, akamwomba Kiberiti radhi mbele ya timu nzima. Kisha akamwita Redio na kumpa karatasi aisome kwa sauti darasani, maana sauti hiyo ilikuwa imeshazoeleka. Redio alisoma akikwama kwenye "asimuulize yeye". Siku ya mashindano Kiberiti alipokea kijiti akiwa wa tatu, akamaliza wa kwanza, na aliyempa kijiti hicho mkononi alikuwa yule rafiki aliyekimbia jua.

Miezi mitatu si mchezo. Siku ya kwanza ya mkojo wa chungwa Kifungo aliita mtaa mzima uje uone. Wiki ya tano Kiberiti alichoka, akauliza kwa nini ameze dawa hali hasikii chochote. Lakini kila asubuhi, kwenye baraza, baba mkubwa alikuwa amekwisha kujaza vikombe vya maji, kimoja kimoja, akimeza vidonge vyake mbele yao na kumngoja kila mtu ameze. Vipimo vya makohozi yake vilikuwa vimekwisha kuwa safi, amerudi kwenye pasi yake, na mkanda umerudi kwenye tundu la zamani, ingawa yeye alikuwa na miezi mingine ya dawa mbele yake.

Asubuhi Kiberiti alipomeza kidonge cha mwisho, baba mkubwa aliweka kikombe chini na kuwatazama yeye na Kifungo.

"Nisikilizeni, wanangu, maana somo hili nimelisomea kwa kifua changu," alisema. "Woga ulinifundisha kunyamaza, na kunyamaza kwangu kukaingia vifuani mwenu. Ugonjwa ukiusema mapema, ni kazi ya vidonge tu. Ukiuficha, unautunza, na unawagawia unaowapenda. Ukikohoa wiki mbili, sema. Ukiitwa kupimwa, nenda. Ukipewa dawa, maliza, hata kama unajiona mzima kuliko daktari. Na mtu asikuaibishe kwa kuumwa. Aibu ilikuwa yangu kwa kuficha, si kwa kuugua."

Kiberiti alilitazama kovu la mkono wake wa kushoto, dogo, lenye umbo la ncha ya pasi.

"Na usipige pasi ngozi," aliongeza.

Baba mkubwa alicheka. Alicheka sana, kwa kifua chote, na wote wawili wakasubiri, kwa mazoea, kile kinachofuata kicheko.

Hakikuja.